Miaka Sabini ya Muadhini: Keki, au Safari ya Kilwa?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mwenye kuhuisha na kufisha, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu, imekuwa kawaida siku hizi, hata huku kwetu Karagwe na Kyerwa, nyumba ya Kiislamu kupambwa kwa maputo, keki kuagizwa kutoka Kayanga au Bukoba, mishumaa kuwashwa na kuzimwa kwa pumzi, na watoto kuimba kwa lugha ambayo babu yao haielewi. Mwenye kusherehekewa pengine ni mtoto wa mwaka mmoja, pengine ni mzee wa miaka sabini. Kila tunapoulizwa msikitini kuhusu jambo hili, waulizaji hugawanyika makundi mawili. Wako wanaotaka tuseme neno moja tu, haramu, tufunge kitabu. Na wako wanaotaka tuseme hakuna neno, kila mtu afurahi anavyotaka.

Wanazuoni wamekhitilafiana. Wako waliokataza moja kwa moja kwa kuona ni kujifananisha na wasiokuwa Waislamu katika mila zao. Wako wengine waliosema kuwa ni ada tu wala si ibada, na ada huangaliwa kwa yaliyomo ndani yake: ikiwa na israfu, muziki wa upotovu na mchanganyiko usiofaa, huharamika kwa hayo, ikiwa ni chakula, dua na kumshukuru Mola, ni jambo jepesi. Hatukukusudia leo kuhukumu baina yao. Tumekusudia kueleza namna jamaa mmoja wa msikiti, hapa Nyaishozi, walivyolikabili swali hilo lilipowafikia mlangoni, na tuliyoyaona njiani.

Umri katika mizani ya dini

Uislamu haukupuuza hesabu ya miaka. Katika aya ya 15 ya Suratul Ahqaf, Allah (S.W.) ametaja umri wa miaka arobaini kwa jina lake, na akatufundisha afanye nini mja anapoufikia: aombe awezeshwe kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende mema, atengenezewe kizazi chake, na atubu. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa maana ya kwamba aliyerefushiwa umri hadi akafikia sitini hana tena udhuru wa kujitetea nao mbele ya Mola wake. Na Imam Tirmidhi amepokea kuwa umri wa wengi katika umma huu ni baina ya sitini na sabini, na wachache ndio wanaovuka hapo.

Kwa hiyo mwenye kufika sabini amesimama mpakani. Ni haki familia yake isimame pamoja naye. Swali ni wasimame vipi.

Sabini au sitini na minane?

Msikitini kwetu yuko mzee ambaye ameadhini tangu msikiti ulipokuwa wa udongo na nyasi. Hapakuwa na umeme wala spika. Alikuwa akipanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya mihrabu, anaelekea kibla, na sauti yake inavuka migomba hadi ng'ambo ya bonde. Kichuguu kile kimekwisha sawazishwa, na sasa ipo spika ya umeme wa jua, lakini sauti ilikuwa ni ile ile. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe ameturuhusu tuandike habari yake, akakataa tuandike jina.

Kitambulisho chake kinaonyesha mwaka wa kuzaliwa 1957 bila ya siku inayojulikana. Lakini marehemu baba yake, aliyesoma herufi za Kiarabu, aliandika ndani ya jalada la juzuu yake kwamba mtoto amezaliwa Rajabu ya mwaka 1376 Hijria. Wajukuu walipopiga hesabu kwa kalenda ya ukutani walisema babu ana sitini na saba, anaingia sitini na minane. Yeye akasema Rajabu hii ya 1446 ametimiza sabini. Nyumba nzima ikabishana.

Wote walikuwa sahihi. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11. Kila miaka 32 ya jua humeza takriban 33 ya mwezi. Miaka sabini ya Hijria, basi, ni sawa na miaka 67 na miezi kumi na moja hivi ya kalenda ya ofisini. Tunalieleza hili kwa urefu kidogo kwa sababu lina faida zaidi ya sherehe. Mwaka wa zaka huhesabiwa kwa mwezi. Eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, huhesabiwa kwa mwezi. Umri wa kubaleghe kwa asiyeona alama, miaka kumi na mitano kwa madhehebu yetu ya Shafi, nao pia ni kwa mwezi. Mzazi anayesubiri kalenda ya ukutani amemchelewesha mtoto wake kwa miezi mitano na zaidi. Ni vyema kila familia ikawa na daftari, na tarehe zote mbili zikaandikwa pindi mtoto anapozaliwa.

Barua mbili katika jalada

Watoto wa mzee, waliotawanyika Mwanza na Dar es Salaam, walipopata habari walituma ujumbe: wanakodi ukumbi Kayanga, wanaagiza keki kubwa, na wapiga picha watakuwapo. Walikuwa na nia njema. Wakataka kamati ya msikiti ishiriki.

Wakati huo huo, katika jalada la kamati zilikuwamo barua mbili ambazo hatukuwa tumezijibu. Zililalamika kwamba sauti ya muadhini imeanza kukatika, kwamba Alfajiri mara mbili ilichelewa kwa sababu macho yake hayaioni saa vizuri, na kwamba wakati umefika wa kumpumzisha. Barua ziliandikwa kwa adabu, na yaliyoandikwa yalikuwa kweli. Lakini ndugu msomaji, utampumzishaje mtu ambaye hukumwajiri, hujapata kumlipa, na ambaye kazi hiyo ndiyo inayomwamsha usiku? Mshahara una siku ya kustaafu. Ada ya miaka zaidi ya arobaini haina.

Tukakaa tukaona jambo la wazi: tukimfanyia karamu ukumbini, kisha wiki ya pili tukamwondoa kwenye spika, keki ile itakuwa ndiyo barua yetu ya kumfukuza. Basi tukaenda kumuuliza mwenyewe anataka nini. Alifikiri kidogo, akasema hajapata kuiona bahari. Maalim wake wa zamani alimwambia kuwa dini ilifika Karagwe kutoka pwani kupitia Tabora, na kwamba huko kusini kwenye kisiwa cha Kilwa uko msikiti wa mawe ulioachwa. Angependa kuuona kabla macho hayajamwacha kabisa.

Fedha za nani, na nia gani

Mambo mawili yalitakiwa yanyooshwe kabla ya safari, nayo yanaihusu kila kamati inayosoma safu hii.

La kwanza ni fedha. Sanduku la msikiti ni amana. Mtu aliyetia shilingi yake kwa ajili ya mabati hakuitia kwa ajili ya mafuta ya gari. Hatukugusa hata senti. Tulifungua daftari la pembeni, kila mwenye kupenda akachangia kwa jina la hidaya kwa mzee, na watoto wake wakahamishia huko fedha za ukumbi na keki. Hesabu ilisomwa baada ya swala ya Ijumaa, kabla na baada ya safari.

La pili ni nia. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa hakufungwi safari kwa kuikusudia misikiti kwa ajili ya fadhila zake isipokuwa mitatu: Msikiti Mtukufu wa Makka, Msikiti wa Mtume (S.A.W.) na Masjidul Aqsa. Kilwa haimo. Hatukwenda kutafuta thawabu maalumu katika mawe, wala kutabaruku kwa makaburi. Tulikwenda kumfurahisha mzee, kuunga udugu wa wanawe, na kutembea katika ardhi tukazingatia mwisho wa waliotutangulia, kama Qur'an inavyotuhimiza mahali pengi. Aliyeuliza kwa nini fedha zile zisimpeleke Hija alijibiwa kuwa hazikutosha hata robo ya Hija, na kwamba Hija ni juu ya mwenye uwezo.

Nyumba ya magurudumu

Tunasikia kuwa Marekani na Ulaya wako wazee ambao, wakishastaafu, hununua gari lenye vitanda na jiko ndani yake wakazunguka miji ya kale. Sisi tulitengeneza la kwetu. Mmoja wa jamaa ana basi dogo la abiria. Viti vya nyuma viliondolewa, magodoro mawili yakatandikwa kwa ajili ya mzee na mkewe, pazia likafungwa kuwasitiri wanawake, na nyuma kabisa pakawekwa jiko la gesi, pipa la maji, birika za udhu, mkungu wa ndizi, gunia la maharage na kopo la senene waliokaangwa. Tulikuwa kumi na wawili: mzee na bibi yake, binti zake wawili, wajukuu watano, dereva, na wawili katika kamati.

Tuliondoka katika wiki ya kwanza ya Rajabu, mwanzoni mwa Januari 2025, shule zikiwa zimefungwa. Njia ni ndefu: Nyakahura, Lusahunga, Nyakanazi, Ushirombo, Kahama, Nzega, Igunga, mlima Sekenke, Singida, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam, kisha Kibiti na daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, na hatimaye Somanga, Nangurukuru na Kilwa Masoko. Ni zaidi ya kilomita 1,500. Usiku hatukusafiri. Tuliomba idhini ya maimamu tukaegesha kwenye viwanja vya misikiti, wanaume wakalala nje kwenye mikeka na familia ndani ya gari. Hakuna mahali tulipokataliwa. Nzega walituletea chai kabla hatujaiomba.

Safari ni madrasa. Watoto waliosoma swala ya safari katika kitabu waliiona kwa macho: Adhuhuri na Alasiri zikikusanywa na kupunguzwa rakaa mbili mbili, Magharibi ikibaki tatu, Alfajiri mbili. Ijumaa ilitukuta Singida. Msafiri si wajibu juu yake kuswali Ijumaa, lakini tuliingia tukaswali na wenyeji. Na kila tuliposimama, hata kama ni kando ya barabara chini ya mbuyu, mzee aliadhini kwanza. Dereva wa lori moja pale karibu na Manyoni alisimamisha gari lake akajiunga na safu, akasema amepita njia ile miaka mingi na hajapata kusikia adhana porini.

Mzee mwenyewe ndiye aliyetukumbusha kuwa tunairudi nyuma njia ya dini. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani na Waarabu ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, pale Tabora, kisha kaskazini hadi Karagwe. Kafuro, karibu na Bweranyange ilipokuwa ikulu ya Omukama Rumanyika, palikuwa na kituo chao. Speke na Grant walimkuta Rumanyika mwaka 1861, na Stanley alifika Kafuro mwaka 1876 akamkuta hapo Ahmad bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyeishi nchi hizi miaka mingi. Watu wale walitembea miezi kadhaa kwa miguu, na wengi walikuwa wapagazi na watumwa ambao majina yao hayakuandikwa. Sisi tulilalamikia mgongo kwa siku tano za viti vya sponji.

Kilwa

Mzee alipoifikia bahari pale Masoko aliteremka, akavua makubadhi, akaingia hadi kwenye vifundo vya miguu. Akachota maji kwa kiganja akayaonja, akayatema, akacheka. Kisha akatilia udhu maji yale yale. Wajukuu walipomuuliza kama inasihi kwa maji ya chumvi, aliwajibu kwa hadithi mashuhuri inayotufahamisha kuwa maji ya bahari ni tohara na kilichofia humo ni halali. Hadithi hiyo ameisomesha miaka arobaini kando ya bonde lenye migomba.

Siku ya pili tulivuka kwa mashua hadi Kisiwani baada ya kukata kibali. Magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kukarabatiwa.

Ndugu msomaji, ni muhimu watoto wetu wajue mji huu ulikuwa nini. Masultani wa Kilwa waliishika biashara ya dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala, ambayo leo imo Msumbiji. Walipiga sarafu zao za shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Sarafu za Kilwa zimeokotwa hata katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, mwaka 1944. Ikulu ya Husuni Kubwa, juu ya jabali linaloitazama bahari, ilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja na hodhi ya kuogea yenye pembe nane. Ilijengwa katika karne ya 14, katika zama za Sultan al-Hasan bin Sulaiman.

Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akamkuta sultani huyo. Ameandika kuwa wenyeji walikuwa wachamungu wa madhehebu ya Shafi, na kuwa sultani alijulikana kwa jina la Abul Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Alisimulia kuwa fakiri mmoja kutoka Yemen alimfuata sultani akitoka swala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa mjukuu mmoja, msichana wa darasa la sita, akauliza: watumwa wale walisemaje? Hakuna aliyeandika walisemaje. Swali lake lilikuwa zuri kuliko maelezo yetu, na tulimwambia hivyo. Ustaarabu wa Kilwa ni wetu kwa misikiti yake, na ni wetu pia kwa aibu zake. Karne tano baada ya Ibn Battuta, Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za kuuzia watu wa bara. Na hapo hapo Kivinje, mwaka 1895, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya kwa kupinga utawala wao. Mtoto akifundishwa utukufu peke yake hatakuwa na jibu siku atakapoulizwa na mwenziwe shuleni.

Msikiti usio na muadhini

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya kale zaidi ni ya karne ya 11 hadi ya 12, nayo ilipanuliwa sana katika karne ya 14, ukawa na nguzo, matao na kuba ambazo baadhi yake zimesimama mpaka leo. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliutoza mji huu kodi kwa nguvu, na Julai 1505 Francisco de Almeida akauteka na kuupora. Wareno waliondoka mwaka 1512, lakini biashara ilikuwa imekwisha haribika.

Mzee aliingia kwa mguu wa kulia, akasimama mbele ya mihrabu. Sehemu ya paa haipo, na jua lilikuwa linashuka mpaka chini. Akauliza, muadhini wa hapa alikuwa nani? Kiongozi wetu, kijana mwenyeji, akataja majina ya masultani. Mzee akasema, hao nimewasikia, namuuliza muadhini. Kijana akasema hajulikani. Mzee hakusema neno. Akagusa nguzo moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu safu.

Adhuhuri ilipoingia hatukuadhini pale. Kisiwani kuna watu wanaoishi, wavuvi na wakulima, na wanao msikiti wao. Tukaenda huko. Muadhini wao ni kijana ambaye hajafika miaka ishirini. Alipoambiwa mgeni ni nani na ametoka wapi, alimpa mzee shikamoo, akampisha: "Karibu, Babu, leo utuadhinie wewe." Sauti ya mzee ilikatika kwenye Hayya alas-Swalah, kama inavyokatika nyumbani. Kijana, akiwa amesimama nyuma yake, hakumsaidia wala hakumpokonya. Alisubiri. Mzee akavuta pumzi, akamaliza.

Wenyeji walitukirimu wali wa nazi na samaki, nasi tukatoa senene wetu. Watoto wa Kisiwani walikimbia kwanza, wakarudi. Mzee akawakumbusha wote waliokaa mkekani hadithi ya Ibn Umar (R.A.), ambayo maana yake ni kwamba tumehalalishiwa wafu wawili wasiochinjwa, samaki na nzige. Na senene sisi huwahesabu katika jamii ya nzige. Pwani imeleta mmoja, Karagwe imeleta wa pili. Hiyo ndiyo iliyokuwa karamu ya miaka sabini. Mishumaa haikuwapo. Bibi yake alisoma dua, sote tukaitikia amin, na binti zake wakalia.

Barua zilivyojibiwa

Njiani kurudi, kati ya Dodoma na Singida, mzee alituita sisi wawili wa kamati tukae karibu na godoro lake. Akasema anajua kuna watu wameandika barua. Hatukumwambia sisi, na hatukukanusha. Akasema: Kilwa walikuwa na kuba, na dhahabu, na sultani anayetoa nguo zake, na hakuna anayemjua muadhini. Akasema hataki msikiti wa Nyaishozi umngoje afe ndipo utafute mwingine. Akaomba vijana wawili, wafundishwe na yeye mwenyewe.

Tukamjibu kwa sunna, kwani jambo hili halikutushika sisi wa kwanza. Mtume (S.A.W.) alikuwa na waadhini wawili Madina kwa wakati mmoja, Bilal na Ibn Ummi Maktum (R.A.). Huyu wa pili alikuwa kipofu. Hakuwa akiadhini Alfajiri mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Hakuondolewa kwa ajili ya macho yake. Aliwekewa wa kumwambia.

Hivi ndivyo tulivyopanga, na jamaa wakaridhia. Vijana wawili wanaadhini Adhuhuri, Alasiri na Isha kwa zamu. Mzee amebaki na Alfajiri na Magharibi, na kijana mmoja huwahi Alfajiri kumwambia wakati umeingia. Siku asiyojisikia vizuri, yeye ndiye anayeteua. Barua zote mbili zimejibiwa kwa maandishi, na wenye barua wamemtembelea mzee nyumbani. Tulichokiona cha ajabu ni kwamba sauti ya Alfajiri imepata nguvu kidogo, labda kwa sababu haibebi tena swala tano.

Nasaha

Ndugu zetu, kutokana na hayo tunausia mambo machache.

Mosi, mzee wako anapofika umri wa kutajwa, muulize anataka nini kabla ya kuagiza chochote. Huenda anataka bahari, huenda anataka kuliona kaburi la mama yake Bugene, huenda anataka nduguze wawili wasiosemezana waje wale pamoja naye. Gharama ya ukumbi mmoja inatosha kwa mengi ya hayo.

Pili, umri mkubwa uwe siku ya kuandika. Yaandikwe madeni anayodai na anayodaiwa, uandikwe wasia, usiozidi thuluthi ya mali na usiokwenda kwa mrithi, ijulikane mipaka ya shamba la migomba na la kahawa. Mzee wetu aliandika wake Kilwa Masoko, ndani ya gari, mbele ya mashahidi. Kesi nyingi za mirathi zinazofika kwa masheikh wetu zisingekuwapo kama kungekuwa na jioni moja kama ile.

Tatu, kila msikiti uangalie nani anaadhini, nani anafagia, nani anaosha maiti, na nani anajifunza kwake. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa waadhini watakuwa na shingo ndefu kuliko watu wote Siku ya Kiyama. Kazi yenye daraja hiyo haifai kukosa mwanafunzi.

Nne, safiri na watoto pamoja na wazee katika gari moja ikiwezekana. Mjukuu aliyemshika babu mkono akishuka mashuani Kilwa amejifunza haki ya wazazi kwa namna ambayo mimbari haiwezi kumfundisha.

Tunamwomba Allah (S.W.) awarefushie umri wazee wetu katika utiifu, awasamehe waliotangulia, wale tuwajuao na wale waadhini wa Kilwa ambao Yeye peke yake ndiye anayewajua, na atujaalie mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.